Jembe na Swali: Sayansi ya Mikono Kutoka Umatengo Hadi Litowa

Litumbandyosi ni kata ya Wilaya ya Mbinga, upande ambako milima ya Umatengo inakwisha na ardhi inateremka kuelekea bonde la Mto Ruhuhu. Mtoto anayekulia huko huzungukwa na sayansi kabla hajajua kusoma jina lake. Katika nyanda za juu za wilaya yake kuna miteremko iliyochimbwa mashimo ya ngolo kutoka kileleni hadi kijitoni. Kata jirani ya Ruanda ina makaa ya mawe ya Ngaka, yaliyoanza kuchimbwa kibiashara mwaka 2011. Ng'ambo ya milima, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, watoto wa wavuvi wanajua mtumbwi unapinduka kwa sababu gani miaka mingi kabla mwalimu hajaandika neno uzito ubaoni. Na katika miamba ya bonde la Ruhuhu kuna mifupa ya viumbe walioishi zaidi ya miaka milioni 240 iliyopita. Katika miaka ya 1930 Mwingereza Rex Parrington alikusanya baadhi ya mifupa hiyo ikapelekwa Uingereza, na mwaka 2012 wanasayansi wakampa mmoja wa wanyama hao jina la Nyasasaurus parringtoni. Huenda ndiye dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana, au ndugu wa karibu sana wa dinosaria.

Naanza na ardhi kwa sababu historia ninayoisimulia ilianzia kwenye udongo. Ni historia ya namna watoto wa Mkoa wa Ruvuma, ambamo Mbinga imo, walivyofundishwa kwa mikono: kwanza na wazazi wao mashambani, baadaye na wamisionari kwenye karakana, kisha katika shule moja ya kijiji ambayo kwa miaka michache iliitikisa fikra ya elimu ya nchi nzima.

Katikati ya karne ya 19 Wangoni, waliotoka kusini mwa Afrika, walifika katika nchi inayoitwa leo Songea. Mashambulizi yao yaliwasukuma Wamatengo juu milimani. Huko kulikuwa na usalama, lakini ardhi ya kulima ilikuwa finyu, tena ya mteremko mkali, na mvua ya kuanzia Novemba hadi Mei haikuwa na huruma kwa udongo uliotifuliwa. Watu wengi walibanana mahali padogo. Kwa kawaida mambo yakiwa hivyo udongo huchoka, ukashuka mtoni, na watu wakahama. Wamatengo hawakuhama. Walibuni ngolo.

Kazi huanza mvua zinapoelekea ukingoni. Wanaume hufyeka nyasi, wakaziacha zinyauke kidogo, kisha wakazipanga juu ya shamba katika mistari inayokatizana, mingine ikishuka na mteremko, mingine ikiukata. Shamba zima hugawanyika kuwa miraba, kila mraba kama meta moja na nusu hadi mbili kwa upande. Wanawake ndio huingia na majembe. Huchimba udongo wa katikati ya mraba na kuufukia juu ya nyasi, hadi mistari ya nyasi inageuka matuta na katikati linabaki shimo. Maharage hupandwa juu ya matuta, na msimu unaofuata yanafuata mahindi. Chini ya tuta nyasi zinaoza taratibu na kulisha mizizi.

Mvua inaponyesha, maji yanayotaka kukimbilia bondeni hukuta njia imekatwakatwa. Kila shimo hushika fungu lake. Maji yakitulia, tope huzama, na maji yenyewe hunywewa na ardhi. Shimo likijaa, kinachofurika huangukia shimo la chini yake kikiwa kimepungua nguvu. Maji ambayo yangekusanyika kuwa mkondo wa kung'oa shamba huwa yamegawanywa mara elfu nyingi. Hesabu ya mtiririko na msuguano imo humo yote, ingawa hakuna aliyeiandika kwenye karatasi.

Mtoto aliijifunza kazi hii hatua kwa hatua. Binti alimfuata mama yake na jembe dogo, akifukia tuta huku mama akitazama. Tuta lililofukiwa vibaya halikuhitaji kusahihishwa kwa kalamu nyekundu, maana mvua ya kwanza ilimwonyesha lilipobomokea. Mvulana alijifunza kupanga nyasi, na akipotoka kidogo baba alimwonyesha mahali maji yangepenya. Jioni wanaume wa ukoo, babu na wana na wajukuu, walikula pamoja kwenye sengu. Hapo chakula kiliandamana na maneno: kesi za ardhi, mipaka, nani afanye nini msimu ujao. Mvulana alisikiliza na kukua akijua kwamba shamba ni jambo la kufikiriwa na kujadiliwa pamoja. Nalisisitiza hili la sengu kwa sababu ndilo lililokuja kusahaulika baadaye.

Maofisa wa kikoloni walipofika milimani walishangaa. Mwaka 1938 A. H. Pike aliandika katika jarida la Tanganyika Notes and Records makala juu ya namna Wamatengo wanavyohifadhi udongo. Kwa hiyo serikali ilikuwa na habari kwamba kuna watu nchini wanaolinda miteremko kwa ufundi wao wenyewe. Hata hivyo kwingineko ilipendelea kuamuru. Katika milima ya Uluguru wakulima walilazimishwa kuchimba makinga maji ya ngazi ambayo waliona yanaleta juu udongo mbaya na kula nguvu zao bure, na mwaka 1955 hasira ikalipuka kuwa ghasia. Kazi zote mbili zilikuwa za jembe na mteremko. Mmatengo alijua kwa nini anachimba. Mluguru aliambiwa achimbe.

Chini ya milima hiyo mkondo mwingine wa elimu ya mikono ulikuwa umeshaingia. Wamisionari Wabenediktini walifungua misheni ya Peramiho mwaka 1898 na ya Kigonsera mwaka uliofuata. Peramiho ilichomwa moto katika Vita vya Maji Maji mwaka 1905, ikajengwa upya, na ikawa na karakana za useremala, uashi na ufundi chuma. Kijana aliyeingia humo alitoka na ustadi wa kweli, na makanisa na nyumba za matofali za Ruvuma zilijengwa na mikono ya aina hiyo. Lakini karakana na darasa vilikaa mbalimbali. Mwenye kichwa chepesi alielekezwa kwenye vitabu, seminari na ukarani, na aliyebaki akaelekezwa kwenye randa. Mgawanyo huo haukuwa wa Peramiho peke yake. Koloni zima lilijengwa hivyo, na ukaingia katika mioyo ya wazazi hadi leo: mtoto anayefaulu ni yule asiyeshika jembe tena.

Novemba 1960, mwaka mmoja kabla ya uhuru, vijana 15 wa Umoja wa Vijana wa TANU waliingia porini mahali panapoitwa Litowa, Songea. Aliyewaongoza ni Ntimbanjayo Millinga, katibu wa umoja huo wilayani. Walitaka kuishi na kulima pamoja. Mwanzo ulikuwa mchungu: chakula kiliwaishia na ikabidi waondoke, kisha wakarudi. Walishauriwa na Mwingereza Ralph Ibbott, mpima gharama za ujenzi ambaye kabla ya hapo alikuwa katika shamba la misheni la St Faith's huko Rhodesia, na ambaye alihamia Litowa pamoja na mkewe Noreen na watoto wao. Vijiji vingine viliiga mfano, na mwaka 1963 vikaunganishwa katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Kufikia mwisho wa muongo vilikuwa zaidi ya 15. Walikuwa na mashine ya kusaga, kiwanda cha kupasua mbao na karakana, vyote vikiendeshwa na wanachama. Uamuzi ulitoka mkutanoni.

Watu wa namna hiyo hawakuweza kuridhika na shule ya kawaida. Shule ya aina ile ingewachukulia watoto wao na kuwafundisha kukidharau kijiji. Wakaamua kuwa na shule yao pale Litowa, ambako watoto kutoka vijiji wanachama wangekaa na kusoma. Mwalimu mkuu alikuwa Suleman Toroka, ambaye mwaka 1968 alilieleza jaribio hilo katika jarida la Mbioni la Chuo cha Kivukoni. Kijana wa Kimarekani, Kate Wenner, alifundisha pale na kuandika kitabu kilichotoka mwaka 1970, Shamba Letu.

Nguvu ya Litowa haikuwa katika kulima. Watoto wa shule za kikoloni nao walilima, mara nyingi shamba la mwalimu. Pale Litowa walimu walikuwa sehemu ya kijiji. Shamba la shule, bustani na mifugo vilikuwa mali ya jumuiya ambayo mtoto alijua ni yake, na mazao yalikwenda kwenye sahani yake mwenyewe. Somo la chakula bora lilianzia kwenye kile walichokula mchana ule, na hesabu ilikuwa na magunia ya kweli ya kuhesabu. Wanafunzi walipangiana kazi na kujadili mambo yao, na wazazi walikuwa na sauti katika kuamua mtoto afundishwe nini. Kwa maneno mengine, sengu ilikuwa imerudi, safari hii wasichana wakiwa ndani yake.

Mwalimu Nyerere aliijua Litowa na kuipenda. Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Ndani yake alipiga hesabu iliyoumiza: watoto wapatao 825,000 walikuwa shule za msingi, na katika wanaomaliza ni kama asilimia 13 tu ambao wangepata nafasi sekondari. Shule ilikuwa ikimwandaa kila mtoto kwa safari ambayo wengi wasingeifikisha mwisho. Alitaka kila shule iwe jumuiya inayozalisha, iwe na shamba au karakana, na wanafunzi washiriki kupanga, kutunza hesabu na kuamua matumizi ya kilichopatikana. Anayejua habari za Litowa anaposoma waraka ule anaitambua sura ya shule ile.

Miaka hiyohiyo jambo jingine lilikuwa likitokea mbali na Ruvuma, nami naliona kuwa la ukoo mmoja na hili. Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, mwanafunzi Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakasubiri yapoe kabla ya kuyaweka kwenye friji. Siku moja nafasi ndani ya friji ilikuwa inakwisha, akayatia yake yakiwa bado moto. Yake yaliganda kabla ya maziwa ya mwenzake aliyeyaweka bila kuyachemsha. Alipomuuliza mwalimu, aliambiwa amechanganyikiwa. Hakuacha. Alipofika Mkwawa, Iringa, alijaribu tena kwa maji kwenye maabara ya biolojia wakati haina mtu, na siku Profesa Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipotembelea shule alisimama akauliza mbele ya wanafunzi wote. Wenzake walicheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam, jaribio likafanywa, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education. Wanafizikia wangali wanabishana juu ya jambo hilo hadi leo, na jina lililobaki nalo ni la mwanafunzi: athari ya Mpemba.

Mpemba hakuwa na kifaa ambacho wenzake hawakuwa nacho. Maziwa yalikuwa yaleyale na friji ileile. Alichokuwa nacho ni swali ambalo mkono wake ulimpa, na ukaidi wa kulibeba miaka mingi akichekwa.

Wapo walioliona hilo mapema. Kuanzia 1965 waelimishaji wa nchi kadhaa za Afrika, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwamo, walishirikiana katika Mpango wa Sayansi kwa Shule za Msingi Afrika. Waliandika miongozo iliyotumia vitu vya karibu: betri na balbu, vitawi vya miti, maji, udongo. Mmoja wa miongozo hiyo ulimtaka mtoto amhoji yule mdudu anayechimba vishimo vya mviringo kwenye mchanga mkavu ili kunasa sisimizi. Asiambiwe anakula nini, anasogea vipi, kwa nini shimo lina mteremko ule. Amwekee mchanga wa chenga kubwa na mchanga laini, atazame, mdudu amjibu. Naipenda sana fikra hii. Mtoto wa Mbinga aliyekwisha kumhoji mdudu juu ya mteremko wa shimo lake atalitazama shimo la ngolo kwa jicho jipya.

Litowa haikupewa muda wa kukomaa. Vijiji vyenye kujiamulia viliwakera viongozi wa mkoa, ambao walizoea kutoa maagizo na kuona yakifuatwa. Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliamua kukivunja Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Mali zake zilichukuliwa, mashine ya kusaga na magari yakiwamo, na walimu wa Litowa wakahamishwa kwenda shule nyingine. Shule iliyomfundisha Mwalimu Nyerere jambo ilizimwa na chama chake mwenyewe, miaka miwili na nusu baada ya waraka wake. Kwangu hili ni moja ya makosa makubwa kabisa katika historia ya elimu yetu, na linaumiza zaidi kwa sababu lilifanywa na watu waliosema wanajenga kilekile walichokuwa wakikibomoa. Ibbott alieleza mkasa huo kwa urefu katika kitabu chake kilichotoka mwaka 2014.

Kilichofuata kilienda mbio. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza watoto wote wapate elimu ya msingi ifikapo 1977, na likasisitiza tena kazi mashuleni. Watoto waliingia darasani kwa wingi usiopata kuonekana, na hilo lilikuwa jema kubwa. Lakini walimu walikuwa wachache, na elimu ya kujitegemea ikapungua hadi kuwa kipindi cha jembe. Shule nyingi zilikuwa na shamba, zikavuna, na mtoto hakujua mazao yalikwenda wapi. Tena jembe likawa adhabu: aliyechelewa alilimishwa, aliyeongea Kiingereza kibaya alilimishwa, aliyepiga kelele alilimishwa. Wazazi wengi wa leo, ukiwatajia elimu ya kazi, wanakumbuka hayo, nami siwalaumu. Waraka wa 1967 ulitaka jembe na swali viende pamoja. Kilichofika shuleni ni jembe peke yake.

Mbinga ilipata nafasi nyingine katika miaka ya 1990. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo Sokoine na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto walikuja kuichunguza ngolo kwa makini, wakapima mashimo, udongo na maji, na kukaa na wakulima. Mwaka 1999 chuo cha Sokoine, kwa msaada wa Japani, kilianzisha kituo cha maendeleo endelevu vijijini, na Umatengo ukawa moja ya sehemu zake za kazi. Katika kijiji cha Kitanda ilijengwa mashine ya kusaga nafaka inayoendeshwa kwa nguvu ya maji, na wanakijiji wakaiita kamati yao Sengu. Walijua wenyewe kazi ya namna hiyo inataka mkutano wa namna gani.

Sasa nafasi imekuja tena, na safari hii ni ya nchi nzima. Januari 2024 mtaala ulioboreshwa ulianza katika elimu ya awali, darasa la kwanza na la tatu, na kidato cha kwanza kikafunguliwa mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi na kazi. Neno amali linasikika kila mkutano wa elimu. Hofu yangu ni ileile ya historia hii: kwamba amali itageuka karakana ya watoto walioonekana hawafai kwa vitabu, kama enzi za misheni, au kipindi cha jembe bila maelezo, kama miaka ya Musoma. Vifaa vinahitajika, na serikali inawajibika kuvileta. Lakini lipo somo ambalo shule ya Mbinga inaweza kulianza kabla lori la vifaa halijafika.

Chukua fito tatu, uzifunge kwa kamba ziwe umbo la herufi A, uning'inize jiwe kwa uzi kutoka kwenye kilele. Hicho ni kipimo cha usawa wa ardhi, na watoto wa darasa la tano wanaweza kukitengeneza kwa kipindi kimoja. Kwa kipimo hicho watafute mistari ya usawa kwenye mteremko wa shule. Watenge vipande viwili vya eneo sawa: kimoja walime ngolo kama bibi zao wanavyowaelekeza, kingine walime kwa kufuata mteremko. Chini ya kila kipande wafukie ndoo. Kila mvua ikinyesha wapime maji yaliyoshuka, wayaache yatulie kwenye chupa, wapime unene wa tope kwa rula, waandike. Mwisho wa masika watakuwa na jedwali lao wenyewe, na sababu ya kubishana. Kisha wabadili shimo: dogo zaidi, kubwa zaidi, la kina zaidi. Ukubwa upi unafaa mteremko wa shule yao? Jibu la swali hilo halimo kwenye kitabu cha kiada. Wakifika sekondari, wakipenda, waandae kazi hiyo kwa maonyesho ya Young Scientists Tanzania, ambayo tangu 2012 yamekuwa yakiwakutanisha wanafunzi wa sekondari na kazi zao za utafiti.

Mwalimu unayesoma haya, uwe Litumbandyosi, Kitanda, Litembo au Liuli, nakuomba ufanye jambo hili masika yajayo, na umwalike bibi mmoja mwenye jembe lake aje asimame mbele ya darasa kama mtaalamu, maana ndivyo alivyo. Waache watoto wamuulize maswali yote waliyo nayo. Matokeo yakishapatikana, wape watoto nafasi wayasome wenyewe kwenye mkutano wa kijiji.